Kabla Stima Haijapotea

Rafiki yangu alipopata uhamisho kwenda Homa Bay, watu wote walimpa pole yeye. Mimi hakuna aliyenipa pole, ingawa mimi ndiye niliyebaki bila mtu wa kucheza naye sataranji. Alikuwa afisa wa kliniki mjini Kisumu, mtu ambaye wagonjwa walimwita daktari mpaka akachoka kuwasahihisha. Tangu miaka ya themanini, tukiwa wote makapera wenye kazi mpya, alikuwa akija kwangu mtaa wa Manyatta jioni, anaegemeza baiskeli ukutani, anatoa ubao kwenye mfuko wa plastiki, na tunacheza kibarazani hadi mbu watufukuze. Nikaoa, naye akaoa, na ubao ukaendelea kuja.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama stovu imezimwa, na nikifika barabarani huanza kujiuliza kama katika kuangalia sikuiwasha. Mke wangu alishazoea. Akiniona narudi alisema tu, "Nilizima mimi," bila kuinua macho kutoka kwa mchele aliokuwa akichagua.

Kwenye sataranji wasiwasi huo ulikuwa na faida yake, maana mtu anayeogopa kila kitu huiona hatari mapema. Tatizo langu lilikuwa mkono. Macho yaliona, kichwa kilijua, lakini mkono ulikuwa umeshasogeza kete ili hofu iishe upesi. Rafiki yangu aliligundua jambo hilo kabla yangu. "Kalia mkono, omera," aliniambia, akiniita ndugu kwa Kiluo, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia wagonjwa wameze dawa. Basi nikawa naiweka mikono yote miwili chini ya mapaja, viganja vikigusa benchi, na siitoi mpaka niwe nimeuangalia ubao mzima kwa mara ya pili. Yeye naye aliikalia yake ili nisione haya. Majirani wakipita walitucheka, wanaume wawili wazima wamekalia mikono na kukodolea meza macho.

Mwaka huo aliohamishwa, katikati ya miaka ya tisini, zilikuja habari kwamba upande wetu wote wa magharibi, mpaka Kakamega, utapeleka timu Nairobi kucheza na timu za pande nyingine. Viti vinne vilishapata watu na yeye alikuwa mmoja wao. Kiti cha mwisho kingeshindaniwa hapo Kisumu, mvua za masika zikikaribia kwisha. Nilikitaka kiti hicho kiasi cha kukosa usingizi. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya kutwa kule Nyamasaria, na shuleni nilikuwa nimezoea kupitwa. Waliokuja nyuma yangu walipewa unaibu, wakapewa ukuu, wakanisalimia kwa heshima ya kunihurumia. Hiki kilikuwa kitu kimoja duniani nilichojua nakiweza.

Nilimsindikiza stendi siku ya kuondoka. "Siku ya kwenda Nairobi nitakuwekea kiti kwa basi," aliniambia akiwa amepakata redio yake. "Upande wa dirisha. Tutacheza mpaka tufike."

"Na nisipopita?"

"Utapita. Lakini usikae bila mtu wa kucheza na wewe. Ukikaa hivyo tu, hiyo mkono itarudi vile ilikuwa."

Basi likaondoka. Nilibaki pale nikiwaza nitamtoa wapi huyo mtu.

Mji mzima ulicheza bao na drafti ya vizibo vya soda, lakini wa sataranji tulikuwa wachache, na waliobaki nilikuwa nikiwashinda huku nikisahihisha madaftari. Ndipo mwalimu mwenzangu aliponiambia kwamba kompyuta nazo hucheza. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimeziona kompyuta kupitia mlango tu, katika chuo kimoja mjini, ghorofani, juu ya duka la nyavu za kuvulia.

Mwenye chuo alikuwa mama mmoja wa Nyakach, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Mtu hakuingia chumba kile na viatu. Vumbi lilikuwa adui, kwa hiyo viatu viliachwa mlangoni kwa safu, na wanafunzi wake wakatembea na soksi, wakinong'ona, huku mashine zenyewe zimefunikwa vitambaa vya kushonwa kwa uzi. Siku ya kwanza soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu la kidole gumba. Nilizungumza naye muda wote nikiwa nimeukanyaga mguu huo kwa mwingine.

"Chesi iko," alisema. "Ndugu yangu alitoa diski Nairobi. Ziko tatu. Lakini mimi sijui gani ni gani, japuonj. Wewe ndio mwalimu, jaribu zote uchague."

Tulipatana. Jumamosi asubuhi yeye alikuwa akienda nyumbani kwao, akipitia soko la Pap Onditi, na alihitaji mtu mzima wa kuwasimamia wanafunzi wa taipu wasichezeane. Mimi ningesimamia. Kwa malipo ya hilo ningepewa mashine moja ya pembeni kila alasiri, kutoka shule inapofungwa mpaka wanafunzi wa jioni wafike.

Sijawahi kuchagua kitu kwa wasiwasi kama nilivyochagua kati ya zile diski tatu, na nimechagua mke na kiwanja.

Ya kwanza ilikuwa ya michoro. Kete zake zilitembea. Malkia aliteremka kwa madaha, akainua mkono, na askofu akageuka majivu. Wanafunzi waliacha taipu zao wakaja kusimama nyuma yangu na soksi zao, wakashangilia kila anayekufa, hata aliyekufa akiwa wangu. Lakini ilicheza ovyo. Nilipoishinda mara kadhaa nilianza kujiona hodari, na hapo nikaogopa, kwa sababu najijua. Mtu anayeshinda bure huenda Nairobi kuaibika.

Ya pili ilikuwa na ubao wa kawaida, na ngazi za ugumu unazochagua mwenyewe. Ngazi za chini hazikuwa na maana. Ngazi za juu mashine ilifikiri. Ilifikiri kwelikweli. Nilisogeza askari wangu, kikatokea kialama cha saa katikati ya kioo, nami nikangoja mpaka nikasikia minyororo ya mlango wa duka la chini ikifungwa. Kisha ilisogeza farasi mahali ambapo sikupatazamia, na nilipopaangalia vizuri nikaona kwamba nimebanwa. Katika kule kungoja niligundua kwamba nimeikalia mikono bila kuambiwa na mtu. Ilikuwa kana kwamba rafiki yangu amekaa ng'ambo ya kioo akikuna ndevu.

Ya tatu haikuwa na madaha yoyote. Kioo cheusi, herufi nyeupe, kete za alama tu. Ukisogeza, imeshajibu kabla hujatoa kidole kwenye kibodi. Ilinipiga mara ya kwanza, ikanipiga mara ya pili, na kila mara upesi, bila kuonyesha kwamba imepata tabu yoyote. Nilitoka pale nikiwa na jasho mgongoni.

Kwa mcheza sataranji yeyote jibu lilikuwa wazi, ni ile ya pili, ila hatukuwa tunaishi mahali popote, tulikuwa tunaishi Kisumu. Msimu ule, kila alasiri, mawingu yalishuka kutoka milima ya Nandi yakakutana na upepo wa ziwa juu ya paa zetu. Kwanza vumbi liliinuka barabarani, kisha mabati yakaanza kugonga, na yule mama alikwenda dirishani, akatazama, akasema kwa Kiluo, "Koth biro," mvua inakuja. Hapo alianza kufunika mashine moja baada ya nyingine. Ngurumo ya kwanza ikipiga, stima ilipotea, taa na mashine vikazimika. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Na stima ikipotea, mchezo wako ulipotea nao, kwa sababu mimi sikujua namna ya kuuhifadhi, na yule mama pia hakujua, na tuliogopa kubonyeza vitu.

Ile ya pili, ya kufikiri, sikuwahi kumaliza nayo hata mchezo mmoja. Mara zote ilikuwa katikati ya kuwaza kialama chake cha saa kikizimika pamoja na taa.

Nilimpigia rafiki yangu simu ya kibandani, akaitwa kutoka wodini. Nilimweleza zote tatu haraka haraka.

"Chagua hiyo inakufanya ungoje," alisema.

"Siimalizi. Stima inapotea kila siku."

"Si lazima umalize, omera. Wewe ngoja tu. Kazi yako ni kungoja."

Nilisema ndiyo. Kisha nikakata simu nikaanza kuwaza. Ningewezaje kujiandaa kwa mashindano na michezo isiyokwisha? Ningejuaje kama ninashinda? Mtu wa wasiwasi hutaka jibu, hata jibu baya, ili mradi alipate leo. Nilisimama mbele ya mashine kesho yake na diski mbili mkononi, nikizibadilisha mkono huu na huu, hadi yule mama akaniuliza kama nataka aniletee kiti kingine. Nikatia ile ya tatu, ile ya haraka. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo kali zaidi. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo ningeweza kuimaliza kabla mvua haijafika.

Wiki zilipita hivyo. Kengele ya mwisho ya shule ikilia nilikuwa tayari juu ya baiskeli, nikitazama upande wa Nandi kuona mawingu yamefika wapi. Nilivua viatu nikiwa bado natembea. Mashine ilinipiga, ikanipiga, kisha ikaanza kunipiga kwa shida, na nikaanza kuijua. Sikuwa tena na nafasi ya kukalia mikono, kwani mikono yote ilihitajika kwenye kibodi. Sikulitilia maanani jambo hilo.

Kuna alasiri moja ambayo mpaka leo ikinijia naumia. Niliishika. Kwa mara ya kwanza niliishika mashine ile vizuri, nina ngome moja zaidi, mfalme wake hana pa kukimbilia, zimebaki hatua chache tu. Nikataka kuhakikisha. Niliuangalia ubao kwa utulivu, kona hadi kona, kama nilivyofundishwa kibarazani. Nyuma yangu nilimsikia yule mama akisema, "Koth biro." Nikaendelea kuangalia. Nilikuwa nimeinua kidole ndipo radi ikapasuka na kioo kikawa cheusi.

Nilibaki nikitazama uso wangu mwenyewe kwenye kioo. Sikuwa na shahidi. Mchezo niliokuwa nikishinda haukuwepo tena mahali popote, wala kwenye diski, wala kwenye karatasi.

"Nilikuwa nimeishinda," nilimwambia yule mama.

"Nakuamini, japuonj," alisema akitandaza kitambaa juu ya mashine, kwa sauti ambayo mtu humwambia mtoto aliyeota ndoto nzuri.

Nilirudi Manyatta nikiwa nimelowa, nikiwa na hasira ya kulia. Nilijilaumu kwa kitu kimoja tu: nilichelewa. Ningesogeza ile ngome papo hapo ningekuwa na ushindi wangu. Tangu siku hiyo, upepo ukianza kugonga mabati, nilisogeza. Nilijifunza kuusikia kabla yule mama hajasimama. Na ilifaa, kwa sababu niliishinda mashine ile mara mbili kabla ya masika kwisha, zote mbili mawingu yakiwa juu ya mji, na stima ikapotea mara ya pili nikiwa nimeshamaliza. Nilishuka ngazi nikicheka peke yangu. Nilifika barabarani ndipo nikagundua kwamba nimevaa kiatu cha mtu mwingine mguu wa kulia.

Siku ya kushindania kiti tulikutana katika ukumbi wa kanisa moja mjini. Nilikuwa nimeamka mapema mno, nikashindwa kula, nikarudi mara mbili kwa ajili ya stovu. Rafiki yangu alikuwa amefika tangu asubuhi kutoka Homa Bay, kuja kuniangalia tu, amevaa koti lile lile la kila harusi. Alinishika bega akasema, "Nimeshaongea na watu wa basi."

Nilishinda mchezo wa kwanza na wa pili. Wa mwisho, wa kuamua, ulikuwa baada ya chakula cha mchana, na mpinzani wangu alikuwa dada mmoja karani wa mahakama kutoka Kakamega, mrefu, mpole, ambaye alifuma sweta. Alisogeza kete, akabonyeza saa, akachukua sindano zake akaendelea kufuma mpaka nijibu. Zile sindano zilinitia wazimu kidogo. Hata hivyo nilicheza vizuri. Niseme bila kujisifu kwamba sijawahi kucheza vizuri namna ile. Nilimnyang'anya askari mmoja, nikamnyang'anya wa pili, nikabakiza ngome yangu nyumbani ikilinda mstari wa nyuma, mahali mfalme wangu alipojificha nyuma ya askari wake watatu. Nilikuwa na zaidi ya nusu saa kwenye saa yangu. Nilimwona rafiki yangu amesimama kando ya nguzo, amekunja mikono, na usoni ana utulivu wa mtu aliyeanza kufunga mizigo.

Nilihitaji tu kumsogeza askari mmoja, mfalme wangu apate dirisha la kupumulia. Hatua ndogo, ya kizembe, ya mtu asiye na haraka. Nilikuwa nimeshaiona.

Nje upepo uliinuka. Mabati ya ukumbi yaligonga mara moja, kisha mara nyingine. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha alimwambia mwenzake, taratibu, "Koth biro."

Sijui nieleze vipi. Kichwa changu kilikuwa mahali pake. Nilijua niko wapi, nilijua ni nani amekaa mbele yangu. Lakini kitu kimoja tu kikawa na maana, kwamba ushindi wangu unataka kwenda na lazima niuwahi. Kulikuwa na askari wake mwingine kule juu, hana mlinzi, wa kuokota tu, na nikimchukua mchezo umekwisha. Mkono ulitoka. Ngome yangu iliacha mstari wa nyuma, ikapanda ubao wote, ikamchukua yule askari, na nikabonyeza saa kwa kiganja kizima mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Yule dada aliweka sindano zake mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kuziweka chini tangu tuanze. Aliutazama ubao, akanitazama mimi, nadhani kwa huruma, akateremsha ngome yake polepole mpaka mstari wangu wa nyuma. Mfalme wangu alikuwa amefungiwa na askari wake mwenyewe. Hata mtoto wa kidato cha kwanza angeliona hilo.

"Pole, mwalimu," alisema.

Radi ikapiga, taa za ukumbi zikazimika. Watu walisema "aah" pamoja, kama wanavyosema siku zote, kisha mvua ikaangusha kelele zake juu ya mabati na hakuna aliyemsikia mwenzake. Yule dada alikusanya uzi wake, akanipa mkono, akaenda kwa wenzake. Mimi sikuinuka. Katika mwanga hafifu wa madirishani niliziona kete zote, zake na zangu, zimesimama pale pale zilipokuwa. Hakuna hata moja iliyopotea.

Rafiki yangu alikuja akakaa kwenye kiti alichoacha yule dada. Aliuangalia ubao muda mrefu. Alikiona kile kiaskari ambacho ningekisogeza.

"Ulikiona hiki," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Nilikiona."

"Sasa ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Nilidhani stima inapotea," nilimjibu.

Aliinua macho akaitazama balbu iliyozimika juu yetu, kisha akayarudisha mezani. Alichukua mfalme wangu, akamgongesha ubaoni mara moja, taratibu, ili nisikie.

"Omera," alisema, "lakini hii ni mbao."

Mvua haikuonyesha dalili ya kukatika. Kule stendi basi lake la kurudi lilikuwa likimngoja, na lile la Nairobi lingekuja wiki ijayo, na upande wa dirisha angekaa yule dada na sweta lake. Hakuinuka kwenda. Alizipanga kete upya, zake na zangu, akaniachia nyeupe, kisha akaiingiza mikono yake chini ya mapaja akaningoja. Nami nikaikalia yangu.